Nafasi ya Kujibu

Kompyuta iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka tangu inunuliwe, na Anifa akafurahi. Alifurahi, masikini, kwa muda ule tu wa kufungua dirisha la kibanda na kuchomeka simu za wateja kwenye chaji. Kisha akaketi, akatafuta folda iliyoandikwa MWALIMU, asiione.

Akatafuta tena. Akachomeka diski ya pembeni, ile aliyonakilia masomo yote jana yake kabla ya kupiga windo. Folda ilikuwepo. Akaibofya, haikufunguka. Ndipo alipouona mshale mdogo pembeni ya kile kipicha. Hakuwa amenakili masomo. Alikuwa amenakili alama tu ya kuonyesha yalipo, sawa na mtu anayehama nyumba akabeba kibao cha mlangoni na kuviacha vyombo vyote ndani. Na nyumba yenyewe alikwisha kuibomoa kwa mkono wake.

Babati nzima, kompyuta ikiugua dawa ni moja. Ikiwa nzito, piga windo. Ikiingia virusi vya flashi za watu, piga windo. Fundi anafuta kila kilichomo, anaweka mfumo upya, na mgonjwa anaamka na afya tele, hamkumbuki hata mama yake. Anifa alikuwa amewapigia windo watu wa Bagara wasiohesabika, na kwanza alimwuliza kila mmoja, "Umehifadhi vitu vyako?" Swali hilo hakuwahi kulijibu yeye mwenyewe kwa kituo.

"Jamani," alisema. Hakuwepo wa kumsikia, kwa sababu kibanda chake kilipakana ukuta na mashine ya kusaga ya Hamdani, na mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Hamdani mwenyewe alitokea baadaye kidogo kuchukua simu yake, kofia na nyusi zote nyeupe kwa unga.

"Vipi, mdogo wangu? Mbona umeshika tama asubuhi asubuhi?"

"Masomo ya Mwalimu, kaka."

"Yamefanyaje?"

"Nimeyafuta."

"Yote?"

"Yote."

Hamdani akavua kofia, akaikung'uta gotini. "Basi si arekodi tena," alisema, halafu akakumbuka, akairudisha kofia kichwani.

Mwalimu Evangelina asingeweza kurekodi tena. Sauti yake, ambayo zamani ilisikika kutoka ubaoni mpaka kwenye mlingoti wa bendera, ilikuwa imekwisha. Tezi la shingoni alilotoka nalo Mbulu tangu usichana lilikuwa limeanza kumkaba, akaenda kupasuliwa, akarudi mzima, anakula, anapumua, anatembea. Ila sauti haikurudi naye. Kilichobaki ni mnong'ono, na mtihani wa maarifa, ule wanaoufanya watu wazima walioachia shule njiani, ulikuwa umekaribia.

Anifa alikuwa mmoja wa hao watu wazima. Aliacha shule kidato cha kwanza, mwaka aliofiwa na baba, wakati huo Manyara ndiyo kwanza inaitwa mkoa na kila mtu mjini anazungumzia ofisi zitakazojengwa. Ofisi zikajengwa. Anifa akauza vitumbua, akauza vocha, akajifunza kufungua simu kwa bisibisi, akapata kibanda cha kuchaji na kuingiza nyimbo. Akilini alijiona amekwisha kupitwa. Hapo ndipo Mwalimu, aliyekuwa amestaafu na kujenga Maisaka, alipoleta simu yake ichajiwe, akamkuta anasoma karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi, akamwambia, "Wewe una kiu. Njoo jioni."

Darasa la jioni lilianza na wanawake wa kujaza chumba. Halafu ng'ombe wakataka kukamuliwa, watoto wakataka kula, mvua ikanyesha, waume wakauliza hilo darasa linaleta nini nyumbani, na Mwalimu akabaki na Anifa peke yake na chaki.

"Hawa hawatakuja, Mwalimu," Anifa alimwambia siku moja. "Lakini Jumamosi wote wako mashineni kwa Hamdani. Wanakaa na mahindi yao wanasubiri zamu, simu mkononi, wananijia kibandani wanataka niwawekee nyimbo. Sasa tuwawekee na wewe."

"Mimi nimekuwa wimbo?"

"Utakuwa."

Wakarekodi jikoni kwa Mwalimu, simu ya Anifa ikiwa juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Kila somo Mwalimu alilieleza kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kiingereza polepole, maana mtihani ni wa Kiingereza, na vitabu wanawake wale waliweza kuazima, ila kitabu hakimtamkii mtu. Tatizo likawa nafasi. Memori kadi za watu zilikuwa ndogo na zimejaa kwaya na bongo fleva, na hakuna aliyekubali kufuta hata wimbo mmoja zaidi ya aliolazimika. Basi Anifa akayagawa masomo. Wa Mutuka akawapa haya, wa Bagara yale, wa Maisaka mengine, na Jumamosi wakikutana mashineni wanarushiana, simu kwa simu. Hakuna mtandao, hakuna vocha. Kilichotakiwa ni mahindi ya kusaga, na mahindi Babati hayajawahi kumshinda mtu. Sheria aliweka moja: usifute somo kabla hujamrushia mwenzako.

Waligombana mara moja tu, yeye na Mwalimu, na ugomvi wenyewe ulihusu kimya. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza. Ananyamaza hasa. Katika rekodi unasikia kuku wa uani, unasikia mfuniko wa chungu ukitetema, halafu baada ya muda mrefu ndiyo anaendelea.

"Mwalimu, nikivikata hivi vimya tutapata nafasi ya masomo zaidi."

"Usikate."

"Lakini hapo hakuna kitu."

"Hapo ndipo wanapojibu."

"Na wewe huwasikii."

"Nikiwa naandika ubaoni nimewapa mgongo, kwani siwafundishi?" Mwalimu akacheka, akampa kikombe cha chai ya maziwa. "Wewe waachie nafasi yao."

Akawaachia.

Sasa yote hayo yalikuwa yamefutika kwa amri ya kidole chake. Mchana Anifa alimwachia Hamdani ufunguo wa kibanda, akashika njia ya Maisaka kwenda kusema ukweli. Alijiandaa njia nzima. Alipanga aanze na samahani, kisha mshale, kisha samahani tena.

Mwalimu alikuwa kibarazani anachambua mbaazi, kitambaa cheupe shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Ilibidi umtazame midomo ili umsikie. Akamwonyesha kigoda, akamsogezea ungo wasaidiane. Wakachambua pamoja, na Anifa akawa anajikaza aanze, na kila akijikaza Mwalimu anamtangulia.

"Nilipoona hairudi, nililia," Mwalimu alinong'ona. "Nikamwuliza Mungu, mwalimu bila sauti ni nani? Halafu nikakumbuka. Ninayo nyingine. Iko kibandani kwa Anifa. Nikafuta machozi, nikamshukuru Mungu, na wewe nikakushukuru. Usidhani ni maneno tu. Kila nikisali nakutaja."

Anifa aliinamia ungo. Aliona mbaazi zote zimekuwa moja.

"Jumamosi nitakuja mashineni," Mwalimu akaendelea. "Sijawahi kuwaona wakisoma. Nataka nikae tu pale nisikilize."

Anifa aliinuka, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, akaaga. Njiani alilia waziwazi, na mwenye pikipiki aliyesimama kumwuliza kama anakwenda mjini akaona bora asiulize mara ya pili.

Alipofika kibandani Hamdani alimtazama usoni. "Hukumwambia."

"Sikuweza."

"Sasa?"

Anifa alikaa. Mbele yake zilikuwa simu za watu, zimening'inia kwenye nyaya za chaji, taa zake ndogo zinawaka. Moja ilikuwa na kamba nyekundu. Ya mama mmoja wa Mutuka. Aliitazama ile simu muda mrefu. Kisha akaichomoa, akafungua memori, akashuka chini kwa kidole, kwaya, kwaya, kwaya, harusi, kwaya, mpaka akakuta: *Mwalimu – mimea na mwanga wa jua*. Akaibonyeza. Sauti ikajaa kibanda, nene, kamili, yenye amri ndani yake: "Haya, tukae vizuri. Leo tunakwenda shambani."

"Alhamdulillahi!" Anifa alipiga kelele mpaka Hamdani akaangusha kofia.

Tangu hapo hakukuwa na kupumzika. Hamdani aliitumia mashine yake kama kizuizi cha barabarani. Mtu akileta debe la mahindi anaambiwa, "Simu kwanza." Wengine walidhani amerukwa na akili, wengine walidhani ni njia mpya ya serikali. Anifa alizipokea, akazipekua, akanakili. Safari hii kila alichonakili alikifungua, akakisikiliza mpaka mwisho, na akakiweka sehemu zaidi ya moja. Ambako mahindi hayakufika alikwenda mwenyewe. Alikwenda Mutuka kwa miguu, mlima Kwaraa umejifunika wingu, akipiga hodi nyumba hadi nyumba.

"Hesabu za sehemu? Nilizifuta juzi, shoga yangu, nikaweka kwaya ya Pasaka."

"Ulimrushia nani?"

"Evelina wa ng'ambo ya korongo."

Anavuka korongo. "Nilikuwa nazo, ila nikamrushia mke wa mchungaji." Anakwenda kwa mke wa mchungaji, naye, Mungu ampe maisha marefu, anazo zote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kimya chake ndani. Mwingine alimkaribisha makande kabla hajamwonyesha simu. Mwingine alimtania, "Leo mwalimu wa simu anaomba daftari kwa wanafunzi!" na Anifa akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi. Walikuwa wameishika sheria. Yeye aliyeitunga ndiye aliyekuwa amefuta bila kumrushia mtu.

Kufika Ijumaa masomo yote yalikuwa yamerudi isipokuwa moja, la mmeng'enyo wa chakula. Ndilo lililokuwa refu kuliko yote, ndilo Mwalimu alilolirekodi la mwisho kabla ya kwenda hospitali, na kwa kuwa lilikula nafasi nyingi kila mtu alilirusha haraka kwa mwenzake ili alifute. Anifa alilifuata kama mtu anayefuata ndama aliyekata kamba, nyumba hii, nyumba ile, mpaka njia ikaishia kwa Paskalina, Mama Careen, mwanafunzi mwenzake wa Mutuka ambaye hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja.

Paskalina alifunika uso kwa kanga. "Lilikuwa kwangu. Simu ikajaa, nikatafuta wa kumrushia, kila mtu ananiambia kwake pamejaa. Sheria yako inasema mwenzako. Nikafikiri, mume si mwenzangu? Alikuwa anakula. Nikamrushia."

"Baba Careen?"

"Ndiyo huyo."

Sosthenes, Baba Careen, ndiye aliyewahi kusimama mbele ya kibanda chake akamwambia kwamba anawaziba masikio wake za watu, kwamba mwanamke akisha kusikiliza simu maziwa yanamwagika na moto unazima. Mtu wa namna hiyo akikuta sauti ya mwalimu kwenye simu yake haingoji ipoe.

"Atakuwa ameshaifuta," alisema.

"Atakuwa ameshaifuta," Paskalina alikubali. "Na mwenyewe hayupo. Yuko Mbulu kwa kaka yake, ameniambia atarudi Jumamosi. Simu haishiki huko." Kisha akaongeza, akijishika paja, "Na ng'ombe aliyeniachia siku hizi ana kichaa. Kila nikikaa kukamua, teke. Sijui nimemkosea nini."

Jumamosi Mwalimu Evangelina alikuja mashineni amevaa gauni lake la kanisani. Wanawake walimpisha njia kati ya magunia, wakampangusia unga kwenye benchi, wakasimama. Hakuna aliyewaamuru, ni miguu yenyewe iliyokumbuka shule. Yeye akawapungia mkono wakae, na macho yake yakawa yanakwenda kwa huyu, kwa huyu, kama anaita majina.

Anifa aliona asipolisema sasa hatalisema. Akapiga magoti mbele ya benchi, akamsogelea sikioni kwa sababu ya kelele ya mashine.

"Mwalimu, kabla hujasikiliza. Nilikufuta. Masomo yote. Nilipiga windo sikuangalia vizuri. Ile siku nilikuja kukwambia nikashindwa."

Mwalimu aliutazama ule umati wa simu mikononi mwa watu.

"Na hawa?" alinong'ona. "Hawa wana nini?"

"Wana wewe. Wamenirudishia. Isipokuwa somo moja, la mwisho, la mmeng'enyo. Hilo limepotea, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alimwekea kiganja kichwani, juu ya ushungi, akakiacha pale. Ikiwa kuna neno alilolisema, mashine ililimeza.

Wakati huohuo gunia la mahindi lilitua mlangoni kwa kishindo, na nyuma yake akasimama Sosthenes, vumbi la safari mpaka kwenye kope, Paskalina akimvuta mkono wa koti.

"Shikamoo, Baba Careen," Anifa alisema, akiinuka.

"Marahaba. Nimeambiwa simu yangu inatafutwa tarafa nzima. Nimeiba?"

"Hapana, baba. Kuna somo la Mwalimu. Mama Careen alikurushia. Tulifikiri pengine..."

"La tumbo?"

"La tumbo, ndiyo. Ulilifuta?"

"Nilifute nikamue kwa kitu gani?" Sosthenes alikunja uso, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. "Lilianza kuongea lenyewe siku moja nipo zizini, nimebonyeza vibaya, mikono yote iko kwenye ndoo. Yule ng'ombe mwenye pembe moja, mkorofi yule, akatulia. Akashusha maziwa yote. Kesho yake nikaweka kwaya, akapiga ndoo teke. Nikarudisha Mwalimu, akatulia. Sasa ningefanyaje? Natundika simu kwenye mti wa zizi, Mwalimu anafundisha, mimi nakamua."

"Kumbe!" Paskalina alipaaza sauti. "Kumbe ndiyo maana nimekula mateke wiki nzima! Umeondoka na Mwalimu Mbulu!"

Mashine nzima iliangua kicheko. Wakacheka mpaka wengine wakakalia magunia ya wenzao, na Mwalimu Evangelina alicheka nao, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, sauti hakuna.

Hamdani alikwenda ukutani akazima mashine. Siku ya Jumamosi, foleni imefika barabarani, Hamdani akazima mashine. Mkanda ukazunguka polepole, ukasimama, na unga uliokuwa hewani ukaanza kutua. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kupasikia mahali pale pakiwa kimya.

"Weka," alisema.

Sosthenes akavua kofia yake kwanza. Akaiweka simu juu ya debe lililogeuzwa, mbele ya Mwalimu, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Haya, tukae vizuri," simu ikasema, na Mwalimu akashtuka, mkono ukamwenda kwenye kitambaa cha shingoni. "Leo nataka mfikirie chakula mlichokula asubuhi. Msiniambie ni kipi, msije mkanitia njaa."

Wanawake wakacheka pale walipozoea kucheka. Mwalimu aligeuka haraka kuwatazama. Sauti iliendelea, ikaeleza meno, ikaeleza mate, ikaeleza ulimi unavyosukuma, na midomo ya Mwalimu ikawa inaifuata taratibu bila kutoa kitu. Anifa alikaa chini sakafuni, kwenye unga, karibu na miguu yake. Hakuwa amewahi kushukuru namna ile, kwa kitu, kwa watu, kwa ng'ombe mwenye pembe moja.

"Sasa niambieni," simu ikauliza, "chakula kinaanza kumeng'enywa wapi? Wengi watakimbilia kusema tumboni. Wewe fikiri kwanza."

Kikaja kimya kile. Kuku wa Maisaka akalia mara moja ndani ya simu. Mfuniko wa chungu ukatetema.

"Mdomoni!" akajibu Sosthenes, wa kwanza, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Mdomoni!" wakajibu wote, kutoka kwenye magunia, kutoka mlangoni, kutoka kwenye foleni barabarani, Hamdani naye, ambaye hakuwa na mtihani wowote.

Mwalimu Evangelina aliangaza huku na huku, macho yamemtoka, kama mtu aliyeitwa na sauti nyingi asijue aanze kuitikia ipi.

"Vizuri sana," ilisema simu. "Na kama umesema tumboni usione haya, tutarudia. Swali la pili."

Likaulizwa la pili. Kimya kikaja tena, na Mwalimu akakisogelea, akiinama mbele kwenye benchi, mkono nyuma ya sikio.